Otsu, mji wa ziwa ambao watu wanaupita wakikimbilia Kyoto

Kuna mji Japani uko dakika kumi hivi kwa treni kutoka Kyoto, stesheni ya pili tu ukielekea mashariki, treni inaingia handaki inatoka inaingia tena na ukitoka upande wa pili wa mlima umeshafika, na bado nikiwauliza jamaa zangu waliowahi kwenda kutembea Japani kama walishuka pale wote wananiambia hapana, wengine hata jina hawajawahi kulisikia. Unaitwa Otsu. Ndo makao makuu ya mkoa wa Shiga, una watu kama 340,000, umejinyoosha mwembamba pembeni mwa Ziwa Biwa upande wa kusini magharibi, mgongoni milima, mbele maji. Watalii wanauona dirishani sekunde chache afu wanarudi kwenye simu zao.

Mimi ni mtoto wa Mwanza, nimekulia Kirumba karibu na mwalo, na sisi watu wa ziwa tuko hivo, tukifika mji wowote swali la kwanza ni maji yako wapi. Kipindi nasoma Osaka nikauliza haya maji ya bombani yanatoka wapi nikaambiwa Biwa, wikiendi iliyofuata nikapanda treni kwenda kuliona, na toka hapo nikawa narudi rudi mpaka wenzangu wakawa wananishangaa. Ninachotaka kusema humu ni hiki: Kyoto ndo ina jina, Otsu ndo ina maji, na mtu akiyafuata haya maji anaielewa nchi ile vizuri zaidi kuliko akifuata yale majumba yaliyopakwa dhahabu.

Tuanze na ziwa lenyewe. Biwa ndo kubwa kuliko yote Japani, eneo lake kama kilomita za mraba 670, urefu kilomita 63 hivi kutoka kaskazini mpaka kusini, na kina kinafika mita 104 sehemu za kaskazini. Kwa sisi tuliozoea Victoria ni dogo, Victoria ni kubwa kama mara mia moja ya Biwa. Ila kwa umri Biwa ni mzee kweli kweli, lina miaka kama milioni 4, ni wa ukoo mmoja na Tanganyika na Baikal, yale maziwa machache duniani ambayo yamekaa muda mrefu mpaka viumbe vimezaliwa humo humo na havipatikani kwingine, na Biwa ina zaidi ya aina 60 za namna hiyo. Mito inayoingia ni zaidi ya mia moja. Mto wa asili unaotoka ni mmoja tu, Seta, na unatokea hapo hapo Otsu, unashuka unabadilishwa jina unaitwa Uji, ukifika mbele unaitwa Yodo, unaingia baharini Osaka. Watu kama milioni 14 wa Shiga, Kyoto, Osaka na Kobe wanakunywa maji ya hilo ziwa. Kwa hiyo Otsu imekaa mlangoni, na karibu kila kitu kilichotokea pale kinahusu huo mlango.

Kuna watu watashangaa nikisema Otsu ilishawahi kuwa mji mkuu wa Japani kabla Kyoto haijaota hata ndoto ya kuwa. Mwaka 663 jeshi la Japani lilikwenda Korea kuwasaidia rafiki zao wa Baekje, ufalme mmoja wa huko, likapigwa vibaya mno na majeshi ya China ya Tang na ya Silla, ufalme mwingine wa Korea, kwenye vita ya mtoni. Yule aliyekuwa anashika madaraka, ambaye baadaye tunamjua kama Mfalme Tenji, akaona adui anaweza kuja wakati wowote, mwaka 667 akahamisha ikulu kutoka Asuka akaipeleka ndani huku kando ya Biwa, mahali penye milima ya kujikinga na ziwa la kupitisha mizigo na kukimbilia kaskazini ikibidi. Watu hawakufurahi, lakini akahamia hivo hivo, akatawazwa 668. Mwaka 671 akaweka saa ya maji, yale matangi yanayotiririsha maji kutoka moja kwenda lingine taratibu mpaka unajua muda, na ngoma na kengele zikawa zinapigwa kutangazia watu saa. Mpaka leo Japani tarehe 10 Juni ni Siku ya Saa, na inatokana na ile saa ya Otsu.

Tenji akafariki, na kilichofuata ni yale mambo ya ndugu kugombea kiti. Mwanae Prince Otomo upande mmoja, mdogo wake Tenji anayeitwa Oama upande mwingine, vita ya mwaka 672, na pambano la mwisho likapigwa wapi? Darajani Seta, pale pale maji yanapotokea ziwani. Otomo akashindwa, akajiua, Oama akarudisha ikulu Asuka, na Otsu ikaachwa. Miaka mitano tu! Mshairi Kakinomoto no Hitomaro alipita baadaye akakuta majani yameota palipokuwa na ikulu akatunga shairi la kuomboleza ambalo Wajapani wanalisoma mpaka leo. Mahali penyewe palipotea kabisa, wataalamu walibishana miaka na miaka, mpaka mwaka 1974 walipochimba mtaa wa Nishikori wakakuta mashimo ya nguzo kubwa kubwa. Leo ukienda unakuta nyumba za watu za kawaida kabisa, kibaraza, baiskeli ya mtoto, nguo zimeanikwa, na katikati ya hizo nyumba viwanja vidogo vya wazi vyenye alama kuonyesha nguzo zilisimama wapi. Mimi pale napapenda kuliko Nishikori ingejengwa makumbusho makubwa ya vioo. Nimesimama pale mara nyingi nikiwaza kwamba sheria za nchi nzima zilikuwa zinatokea hapa panapopita posta.

Karibu na hapo kuna Omi Jingu, hekalu la Kishinto la kumuenzi Tenji, lilijengwa 1940 tu kwa hiyo sio la kale, rangi nyekundu ya kung'aa. Ndani ya viwanja vyake kuna makumbusho ya saa. Na kila Januari wanakusanyika wachezaji wa karuta, ule mchezo wa kadi zenye mashairi mia, msomaji anaanza kusoma shairi na wewe unatakiwa uipige kadi yake kabla mwenzio hajaipiga, mikono inaruka hata huioni. Kwa nini pale? Kwa sababu shairi la kwanza kati ya hayo mia linahesabiwa kuwa la Tenji mwenyewe.

Sasa inua macho. Mlima ule mkubwa juu ya mji ni Hiei, mita 848, na juu kuna Enryakuji. Watu wengi wanafikiri Enryakuji ni ya Kyoto, hata urithi wa dunia wa UNESCO wa mwaka 1994 watu wanauita wa Kyoto kwa kifupi wakati jina lake kamili lina Kyoto, Uji na Otsu. Hekalu lenyewe liko Otsu. Mtawa Saicho alilianzisha 788, na kwa karne nyingi ndo lilikuwa kama chuo kikuu cha dini cha nchi, Honen, Shinran, Eisai, Dogen, Nichiren, yani karibu wote walioanzisha madhehebu makubwa ya Kibudha ya Japani walipita kusoma pale kwanza. Ila pia lilikuwa na majeshi. Watawa wenye mapanga, wakikasirika wanashuka mjini Kyoto na vihekalu vya kubeba vya miungu mabegani na serikali inatetemeka, na walipigana miaka mia kwa mia na watawa wenzao wa Miidera, hekalu lingine kubwa la chini ya mlima hapo hapo Otsu, wakalichoma mara nyingi tu. Ndugu wa dini moja, jamani.

Mwaka 1571 mbabe wa vita Oda Nobunaga akachoka nao. Akauzingira mlima akachoma kila kitu na kuua kila aliyekutwa, watawa, wanawake, watoto, maelfu ya watu. Akampa Akechi Mitsuhide eneo la chini ya mlima, Sakamoto, ajenge ngome ufukweni ailinde ile ardhi na ziwa. Miaka kumi na moja baadaye huyo huyo Mitsuhide akamgeuka Nobunaga, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Ndani ya jengo kuu la Enryakuji kuna taa tatu za mafuta ambazo wanasema zimewaka toka enzi za Saicho, zaidi ya miaka 1,200. Na hapo mtu makini atauliza, ya 1571 je? Moto wake ulikuwa umeshagawiwa zamani kwa hekalu la Yamadera huko mbali kaskazini mkoa wa Yamagata, kwa hiyo mlima ulipojengwa upya wakaenda kuuchukua kule wakaurudisha. Mimi nikiwa mbele ya zile taa nilikaa muda mrefu sana. Zinawaka chini, sakafu ya walipo watawa imeshuka chini kuliko ulipokaa wewe muumini, kuna giza, na unafikiria watu wangapi wamemwaga mafuta humo asubuhi na jioni bila kukosa siku hata moja, kizazi baada ya kizazi, na hakuna anayejua majina yao.

Chini huko Sakamoto ndo nyumbani kwa mafundi wa mawe wa Ano. Ukitembea mitaa yake utaona kuta za mawe yasiyochongwa, yamepangwa tu makubwa kwa madogo bila saruji wala udongo, na yamesimama mamia ya miaka na matetemeko yote yale. Nobunaga alipoona kazi yao akawachukua wakamsaidie ngome yake ya Azuchi, na toka hapo mabwana wa nchi nzima wakawa wanawagombania. Watalii wanapita pale wanakimbilia kile kigari cha kamba kinachopanda Hiei, cha toka 1927, njia yake ni mita 2,025, ndefu kuliko zote Japani za aina hiyo. Sawa, panda, lakini kwanza angalia mawe.

Ishiyamadera nitaisema haraka mana hiyo angalau inajulikana kidogo, hekalu lililojengwa juu ya miamba ya ajabu upande wa Mto Seta, lina mnara mdogo wa 1194, na masimulizi yanasema mwandishi Murasaki Shikibu alikuwa pale mwaka 1004 akiuangalia mwezi wa Agosti juu ya maji ndo akapata mwanzo wa riwaya yake, Hadithi ya Genji. Kama kweli alianzia pale au hapana haiwezi kuthibitishwa, ila wamemtengea chumba chake na watu wanakwenda. Na mshairi Matsuo Basho, ambaye alizunguka nchi nzima kwa miguu, alipofariki Osaka mwaka 1694 alikuwa ameshasema azikwe Otsu, kwenye kihekalu kidogo cha Gichuji, pembeni ya kaburi la Kiso Yoshinaka, shujaa aliyeuawa vitani hapo Awazu mwaka 1184. Zamani kihekalu hicho kilikuwa kinatazama ziwa moja kwa moja, sa hivi ufukwe umejazwa vifusi na ziwa limesogea mbali, unasikia magari tu. Hilo linaniuma, nasema wazi. Mtu alichagua pale kwa sababu ya maji.

Kwa nini lakini Otsu ilitajirika? Mizigo. Mchele na samaki wa mikoa ya Bahari ya Japani ulikuwa unashushwa bandari za kaskazini kama Tsuruga, unavushwa mlima kwa mgongo wa wanyama, unapakiwa kwenye mashua za mbao ziitwazo marukobune, unashuka ziwa lote mpaka Otsu, unavuka kilima unaingia Kyoto. Watu wa Katata, kule ziwa linapobana, walishika njia hiyo karne nyingi, ukipita unalipa, usipolipa wanakupora, walikuwa walinzi na maharamia hao hao. Toyotomi Hideyoshi, aliyeshika nchi baada ya Nobunaga, akajenga ngome Otsu akawapa wenye mashua wa mji haki ya kubeba mizigo. Ile ngome ilikuja kufanya kazi yake mwaka 1600: Kyogoku Takatsugu alijifungia humo na watu wachache, jeshi la magharibi, la wapinzani wa Tokugawa Ieyasu, la watu kama 15,000 likakwama kumpiga, na siku aliyosalimu amri ndo siku hiyo hiyo vita kuu ya Sekigahara, ya kuamua nani atawale Japani, ilikuwa inapigwa, yani wale 15,000 hawakuwepo uwanjani walipohitajika. Tokugawa Ieyasu akashinda nchi. Mnara wa ngome ya Otsu ukavunjwa na mbao zake zikaenda kujenga ngome ya Hikone, ile ambayo leo watu wanakwenda kuipiga picha.

Biashara iliendelea mpaka 1672 tajiri Kawamura Zuiken alipofungua njia ya meli za baharini kuzunguka magharibi mpaka Osaka, mizigo mingi ikahama ziwani. Ila Otsu haikufa mana ilikuwa pia kituo cha 53, cha mwisho, kwenye barabara ya Tokaido kutoka Edo, ndo Tokyo ya leo, wasafiri walikuwa wanajaa. Hao ndo waliokuwa wananunua Otsu-e, picha za bei rahisi za kuchora haraka haraka kwa rangi chache, waliochora hata majina hawakuweka. Maarufu kuliko zote ni ya jini lenye pembe limevaa kanzu ya mtawa linazunguka kuomba sadaka, kumsema mtu anayejifanya mcha Mungu wakati rohoni hayumo. Nimenunua moja, iko ukutani kwangu.

Halafu kuna msemo wa Kijapani kila mtoto wa shule anaujua, kwamba ukiwa na haraka zunguka, na unatokana na hapa. Msafiri akitoka mashariki alikuwa na njia mbili za kufika Otsu, apande mashua Yabase akate maji moja kwa moja, au atembee kwa miguu azunguke Daraja la Seta. Mashua ni fupi, lakini upepo ukishuka kutoka Hiei mashua inasukumwa, inachelewa, nyingine inazama. Mimi nimeuona huo upepo, ziwa linageuka rangi ghafla, na mtu aliyekulia Mwanza hahitaji kuelezwa upepo wa ziwa ukoje.

Tufike tarehe 11 Mei 1891, mana siku hiyo mji huu mdogo ulishika kichwa cha nchi nzima. Mrithi wa kiti cha Urusi, Nicholas, kijana wa miaka 22, alikuwa anazunguka Asia, akaja Kyoto, akapelekwa Otsu kuona ziwa na Miidera, akala chakula cha mchana ofisi za mkoa. Wakati wa kurudi, msafara wa rikisho unapita mtaa mwembamba, polisi mmoja kati ya wale waliopangwa kumlinda, Tsuda Sanzo, akachomoa upanga akamkata kichwani. Prince George wa Ugiriki aliyekuwa naye akampiga yule polisi na fimbo, na wavuta rikisho wawili wakamrukia wakamwangusha. Nicholas akapona, akabaki na kovu. Shati lake la damu likatunzwa, na zaidi ya miaka mia baadaye wanasayansi walitumia damu ile kutambua mifupa yake, mana ndo huyu aliyekuja kuwa mfalme wa mwisho wa Urusi akauawa na familia yake.

Japani nzima iliingia hofu, Urusi ilikuwa dola kubwa na wao hawajajijenga. Mfalme Meiji mwenyewe akapanda treni kesho yake kwenda Kyoto kuomba radhi. Serikali ikataka Tsuda anyongwe haraka, ikataka itumike sheria ya kosa dhidi ya familia ya kifalme ya Japani. Jaji Mkuu Kojima Iken akasema sheria hiyo inahusu familia ya Japani, haisemi mgeni, huyu amejaribu kuua mtu na adhabu ya juu ya kosa hilo ni kifungo cha maisha. Mawaziri wakawabana majaji mmoja mmoja. Kesi ikasikilizwa hapo hapo Otsu tarehe 27 Mei na hukumu ikawa kifungo cha maisha. Urusi haikuleta vita. Tsuda akafia jela Hokkaido mwaka huo huo. Hilo tukio hufundishwa Japani kama siku mahakama ilipoikatalia serikali, na kwenye kona ya mtaa kilichopo ni jiwe dogo tu lenye maandishi, unaweza kulipita usilione. Wale wavuta rikisho Urusi iliwapa yeni 2,500 kila mmoja na pensheni ya yeni 1,000 kwa mwaka, hela nyingi mno enzi hizo, ikakatika vita ya Urusi na Japani ilipoanza 1904.

Mwaka mmoja kabla ya tukio hilo kulikuwa kumekamilika kitu ambacho mimi naona ndo kikubwa kuliko vyote, mfereji wa Biwa. Mfalme alipohamia Tokyo mwaka 1869 Kyoto ilibaki kama nyumba iliyohamwa, watu wakaondoka, biashara zikalala. Gavana Kitagaki Kunimichi akasema tutoboe mlima tulete maji ya ziwa. Kazi akapewa Tanabe Sakuro, kijana ametoka chuo juzi, hajafika hata miaka 25, na wakati ule miradi mikubwa hivi Japani ilikuwa inasimamiwa na wazungu wa kuajiriwa. Wakaanza 1885. Handaki la kwanza chini ya mlima nyuma ya Miidera lilikuwa mita 2,436, hakuna lililokuwa refu vile nchini, na ili wasichimbe kutoka pande mbili tu wakatoboa shimo la wima kutoka juu ya mlima wakashuka wakaanza kuchimba na katikati, yani wanashambulia mwamba sehemu nne kwa mpigo. Kazi kubwa ilikuwa mikono, sururu, baruti na taa za mafuta, maji yanavuja juu ya vichwa vyao. Watu walikufa, na Tanabe baadaye aliwajengea mnara wa kumbukumbu. Katikati ya ujenzi, mwaka 1888, akasafiri mpaka Aspen huko Colorado kuangalia umeme wa maji, akarudi akabadilisha mpango. Mfereji ukafunguliwa 1890, kituo cha umeme cha Keage kikaanza 1891, na mwaka 1895 Kyoto ikawa na tramu ya umeme ya kwanza Japani. Umeme ule ulitoka kwenye maji ya Otsu.

Mpaka leo Kyoto inakunywa kupitia huo mfereji, na kila mwaka jiji la Kyoto linalipa mkoa wa Shiga pesa ya shukrani. Watu wa Shiga wana utani wao, wakidharauliwa na watu wa Kyoto kwamba ni washamba wanajibu tutawafungia maji. Wanacheka wote, ila nyuma ya kicheko kuna jambo zito. Pale Seta kuna bwawa la milango, la kwanza lilijengwa 1905, na lilikuja baada ya mafuriko ya Septemba 1896 ambapo ziwa lilipanda mita 3.76, Otsu ikawa inatembelewa kwa mashua siku nyingi. Karne nyingi kabla yake wakulima wa kando ya ziwa waliomba ruhusa ya kuchimba mto ule upanuke maji yatoke, na watu wa chini, Osaka, wakapinga mana maji yakitoka kwa kasi wanaozama ni wao. Ukifungua milango unawatesa wa chini, ukifunga unawatesa wa juu. Kila mvua kubwa kuna mtu ofisini pale Seta anaamua.

Na sasa sabuni. Mei 1977 sehemu kubwa ya ziwa iligeuka rangi nyekundu ya kahawia, inanuka kama samaki waliooza, vijidudu vya majini vimezaliana kupita kiasi kwa sababu ya uchafu wa viwanda, mashamba na majumbani, na kwenye wa majumbani mchangiaji mkubwa alikuwa sabuni za unga za kisasa zenye fosfeti. Waliosimama ni akina mama wa nyumbani. Walipita nyumba kwa nyumba kuwaambia majirani waache zile sabuni, wakawa wanakusanya mafuta yaliyokwisha kukaangia vyakula yanatengenezwa sabuni ya kawaida. Makampuni ya sabuni yakapiga kelele, lakini mkoa ukapitisha sheria 1979, ikaanza kazi Julai 1980, kupiga marufuku kuuza, kutumia na hata kutoa zawadi sabuni yenye fosfeti. Baada ya muda makampuni yenyewe yakaanza kutengeneza zisizo na fosfeti nchi nzima. Kila mwaka karibu na tarehe 1 Julai watu wanashuka ufukweni kuokota taka, nimeokota nao, wazee wa miaka themanini wameinama wanachambua majani na plastiki, na bibi mmoja akanisimulia jinsi walivyokuwa wanafokewa milangoni mwaka ule wa sabuni.

Kutoka hapo ndo mkoa wa Shiga ukaitisha hapo Otsu mwaka 1984 mkutano wa kwanza wa dunia wa maziwa, na mkutano wa 11 wa mfululizo huo ulifanyika Nairobi mwaka 2005, ukazungumzia maziwa yetu. Kumbe kitu kilichoanza kwa akina mama na mafuta ya kukaangia kikafika mpaka kwetu.

Ila sitaki mtu afikiri Biwa imepona. Kuna samaki anaitwa bluegill, alitoka Chicago mwaka 1960, meya wa kule alimzawadia Akihito ambaye wakati huo alikuwa mrithi wa kiti, Akihito akawapa watafiti kwa nia njema wamfuge kwa ajili ya chakula. Akafika ziwani akala mayai na vifaranga vya samaki wa asili. Mwaka 2007, akiwa mfalme, Akihito alisema hadharani hapo hapo Otsu kwamba jambo hilo linamuumiza moyo. Mimi nilivyolisoma hilo nikakumbuka sangara, aliyepandikizwa Victoria miaka ya 1950, na furu wetu waliopotea kwa mamia ya aina. Na kuna jipya zaidi: kila mwisho wa baridi maji ya juu yenye hewa yanapoa, yanazama mpaka chini, wenyeji wanaita pumzi ya ziwa. Baridi ya 2018 kuamkia 2019 maji hayakuchanganyika mpaka chini kabisa, mara ya kwanza toka waanze kupima, na mwaka uliofuata vile vile. Ilirudi 2021. Joto la dunia limeshafika kwenye mita ile ya tisini na kitu huko chini gizani.

Na funazushi, lazima niseme. Samaki nigorobuna wa Biwa anatiwa chumvi miezi, afu anapangwa kwenye pipa na wali anakaa mpaka achache, mwaka mzima au zaidi. Harufu yake inaingia chumbani kabla ya sahani, ladha ni kali ya uchachu na mayai yake ya rangi ya chungwa ni matamu ajabu. Huyu ndo babu wa sushi zote mnazoona kwenye mahoteli. Bei imepanda sana mana nigorobuna wamepungua, sababu moja ni hao wageni wa Chicago na nyingine ni matete ya ufukweni waliyokuwa wanatagia yaliyokatwa kupisha ujenzi.

Ukienda, usianzie stesheni kuu ya Otsu, haina cha kukushika. Kuna treni ndogo ya Keihan ya mabehewa mawili inaenda kutoka Sakamoto mpaka Ishiyamadera, kilomita 14 na ushee, na karibu kila nilichokitaja humu kiko kwenye njia hiyo: kuta za Ano, Omi Jingu, Nishikori, Miidera na mdomo wa mfereji, kaburi la Basho, daraja la Seta. Kuna kipande inatembea barabarani kabisa katikati ya magari. Anzia Sakamoto asubuhi kabla watu wa Hiei hawajajaa, na kama ni mwanzoni mwa Aprili shuka Miidera utembee pembeni ya mfereji, micheri ya maua imepandwa pande zote mbili na kuna boti zinaondoka pale zinaingia handaki la Tanabe kuelekea Kyoto, tiketi zinaisha mapema kwa hiyo nunua kabla hujafika.